Kwenda Kampala kushangilia timu yako ugenini: maelekezo ya muuza vitenge wa Bukoba

Mpaka wa Mutukula nimeuvuka mara nyingi mno. Nauza vitenge Bukoba, na mzigo naufuata Kampala, kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo. Lakini zipo safari ambazo sikurudi na hata jora moja, kwa sababu sikwenda kununua. Tarehe 8 Septemba 2018 nilikuwa Namboole, uwanja wao wa taifa, Taifa Stars ilipotoka 0-0 na Uganda Cranes, mechi ya kwanza ya kocha Emmanuel Amunike kwetu. Tarehe 25 Februari 2023 nilikuwa Kitende, uwanja wa Vipers ya Uganda, Simba ilipoifunga 1-0 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Kila timu zetu zikipangiwa Waganda, simu yangu haitulii: mama, tunapitaje, tunalala wapi, tutapigwa? Na AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kwa hiyo maswali yataongezeka. Nayajibu hapa yote kwa mpigo.

La kupigwa nalimaliza kwanza. Sijawahi kuguswa. Nimezomewa, nimeimbiwa, nimepulizwa vuvuzela sikioni. Kuumia sijaumia, na naamini ni kwa sababu naingia mapema, nakaa na wenzangu, natoka mwisho.

Kabla ya kupanda basi

Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Sisi Watanzania hatumo kwenye mpango huo, kwa hiyo beba pasipoti, au kachukue hati ya dharura ya safari ofisi ya Uhamiaji. Usisubiri wiki ya mechi, maana kila mtu huikumbuka wiki hiyo hiyo. Cha pili ni cheti cha homa ya manjano. Mwaka 2023 kijana mmoja wa kundi letu alikiacha nyumbani juu ya kabati. Tulimwacha upande wetu wa mpaka na begi lake na bendera aliyoishona mwenyewe, akasikiliza mechi kwa simu. Mpaka leo nikimkumbuka alivyosimama pale naumia. Kiweke cheti ndani ya pasipoti na ukifunge kwa mpira, visitengane.

Usisafiri siku ya mechi. Kutoka Bukoba ni Kyaka, Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya, halafu unavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe ndipo uitafute Kampala. Kwenye ramani unaiona njia fupi, ila mpakani foleni haina ratiba, na foleni ya kuingia Kampala ndiyo mbaya zaidi. Fika siku moja kabla.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hukosea hapa: usitafute chumba katikati ya mji. Tafuta karibu na uwanja. Mechi ikiwa Namboole, lala Kireka au Bweyogerere, kwenye barabara ya Jinja. Ikiwa Kitende, lala Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe. Mwaka 2018 tulilala mjini karibu na stendi za teksi kwa sababu ndiko nilikozoea na mzigo wangu, na barabara ya Jinja ikatumeza. Gari lilisogea hatua tatu likasimama, likasogea likasimama, tukasikia watu wameanza kuimba huko mbele na sisi bado tuko Nakawa. Mwisho tulishuka tukatembea. Kwa miguu kutoka Nakawa mpaka Namboole, mtu mwenye umri wangu, ukifika huna hata pumzi ya kushangilia.

Pesa badilisha kiasi tu mpakani, na noti zihesabu wewe mwenyewe, moja moja, kabla hujaachia zako. Ukihesabiwa zikiwa zimekunjwa katikati, zikunjue zote uanze upya. Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, kwa hiyo utapewa bunda nene, na bunda nene humfanya mtu ajione tajiri. Tenga kabisa nauli ya kurudi. Mimi hushona mfuko mdogo wa kitenge kwa ndani ya sketi, kwenye mshono wa kiuno, upana wa kiganja, na kifungo kimoja. Ndimo inamokaa pasipoti, nauli ya kurudi na simu wakati wa kupita getini. Wanaume mna soksi.

Nguo

Jezi ya timu yako vaa, ndiyo maana ya safari. Ila njiani ivalie sweta juu. Ukiwa peke yako juu ya bodaboda, jezi ya wageni huvuta maneno yasiyo na faida, na dereva anajua papo hapo kwamba bei huijui.

Kuna mambo ya rangi ambayo mgeni hayajui. Uganda nguo za mabaka ya jeshi ni za jeshi tu. Raia akikutwa nazo ana kesi, kwa hiyo kofia, begi au suruali ya mabaka viache Tanzania. Na bereti nyekundu serikali yao iliitangaza mwaka 2019 kuwa vazi la jeshi. Wanasimba wenzangu, nawajua mnavyopenda kuwa wekundu kuanzia kichwani mpaka viatuni: bereti hapana. Nyekundu pia ni rangi ya NUP, chama cha upinzani, na njano ni ya NRM, chama tawala, hilo liwafikie na wa Jangwani, yaani Yanga. Jezi yenye nembo ya klabu inajieleza yenyewe. Fulana tupu nyekundu au ya njano, hasa siku za uchaguzi, inaweza kueleweka vingine.

Tiketi

Tiketi ichukue kwa viongozi wa tawi lako au kwenye njia ambayo wenye mechi wameitangaza wenyewe. Mwaka 2018 wifi yangu aliona foleni ndefu, akanunua kwa kijana aliyekuwa akizunguka nje ya uzio na rundo la tiketi mkononi. Karatasi ilikuwa nzuri, imenyooka. Getini ikakataliwa, kijana akawa ameshapotelea kwenye watu, na wifi akalipa mara ya pili. Siku hizi mechi nyingi kubwa tiketi zinauzwa kwa mtandao. Hakikisha simu ina chaji na picha ya tiketi umeihifadhi, usitegemee intaneti mbele ya geti, watu maelfu wote wanaitafuta kwa wakati mmoja.

Unapoinunua, uliza mashabiki wa timu ngeni wamepangwa upande gani. Nenda huko hata kama jua linapiga usoni. Nimeona watu wanaonunua kiti kizuri peke yao katikati ya wenyeji, wakakaa dakika 90 na sweta limefungwa mpaka shingoni, wakimeza furaha yao. Hiyo si safari ya shabiki.

Kuongea na watu

Kiswahili ni lugha rasmi Uganda, na vijana wengi watakujibu. Lakini wazee wengi wa Kampala walikizoea kwanza mdomoni mwa askari, na si kila askari alikitumia kwa wema. Ukimfokea mtu mzima kwa Kiswahili cha haraka, anajikunja. Anza na salamu ya kwao: oli otya, ssebo kwa mwanamume, nnyabo kwa mwanamke. Subiri ajibu, ndipo uulize. Kwenye bodaboda, bei kabla ya kupanda: ssente mmeka? Akitaja, mwambie salako, apunguze, kwa uso wa kucheka. Usafiri wa watu wengi, ile ambayo sisi tunaita daladala, wao wanaita teksi, na ukitaka kushuka sema mu maaso awo, konda atagonga bati. Ukimaliza, webale nnyo.

Mimi Mhaya, Kiganda nakipata nusu. Neno lililonisaidia kuliko yote tunalo sote: ndi mugenyi. Kwetu mgeni ni omugenyi, kwao hivyo hivyo. Ukisema hivyo kwa utulivu getini, kwenye foleni, kwa mlinzi anayekukagua, unaona uso unalegea. Mtu aliyelelewa vizuri hampigi mgeni, na Waganda wamelelewa vizuri.

Ndani ya uwanja

Fika masaa matatu kabla ya mechi. Ukaguzi ni wa mwilini, wanawake na mstari wao, na chupa ya maji itabaki nje. Kunywa na kula kabla: rolex moja, yaani chapati iliyozungushiwa mayai na nyanya na kabeji, inakufikisha mpaka usiku. Wanaikaanga mbele yako, isubiri ya moto.

Namboole ni mkubwa na una njia ya riadha kuzunguka nyasi, kwa hiyo wachezaji wako mbali. Sauti ya watu hamsini inaishia hewani. Muwe na ngoma, na mwimbe kitu kimoja kwa pamoja, pole pole, mkichagua dakika ambayo wenyeji wametulia. Kitende ni tofauti, ni uwanja wa shule ya St Mary's, jukwaa liko karibu, mchezaji anakusikia ukimwita jina.

Wimbo wa taifa wa Uganda ukipigwa, simama, kofia mkononi. Ni mfupi, hauchoshi. Nimeona jukwaa zima likigeuka kututazama kama tunasimama, na tuliposimama likapiga makofi. Kwa kitu kidogo hivyo, kwa nini ukose?

Mkao wenu: mkae pamoja, wanawake na watoto katikati, karibu na ngazi na karibu na walinzi. Halafu kila mtu wa pembeni amsalimie jirani yake mwenyeji kabla mpira haujaanza. Kitende niliketi mwisho wa safu yetu, na upande wangu wa kulia alikaa mzee wa Vipers mwenye kikofia cha sufu. Siku ile ilikuwa nzito. Simba ilikuwa imefungwa mechi mbili za mwanzo za kundi, na Horoya 1-0 na Raja 3-0 pale kwa Mkapa, na kocha wetu Robertinho tulikuwa tumemchukua Januari hiyo hiyo kutoka Vipers. Kwao ilikuwa kama mtu kuja kuposa na koti ulilomwazima wewe. Mzee alinitazama jezi, akanyamaza. Nikamsalimia kwa magoti nusu, kama ninavyomsalimia baba. Akatoa karanga kwenye koni ya gazeti, akanimiminia kiganjani, tatu, nne, halafu zote zilizobaki.

Beki wetu Inonga alipofunga, kipindi cha kwanza, nilisikia kitu ambacho nyumbani husikii kamwe. Uwanja ulinyamaza, na ndani ya ule ukimya zikabaki sauti zetu peke yake, nikaweza kumtambua kila mtu kwa sauti yake: yule kondakta wa Kashai, dada wa saluni, mwalimu. Uwanja wa Mkapa ukiwa na watu elfu 60 sauti yako inapotea. Ugenini mnajisikia mpaka mtu mmoja mmoja. Kwa ajili ya hiyo naacha duka.

Na hapo ndipo pa kujizuia. Shangilia kwa uso ukiangalia uwanja, usiugeuze kwa wenyeji. Usimwonyeshe mtu vidole vya matokeo. Usiguse kabila, dini wala wanasiasa wao. Mimi niliruka, nikakumbatiana na dada wa saluni, kisha nikaketi na kumwambia mzee pole. Akasema bado mpira. Alikuwa sahihi, dakika zilizobaki zilitutoa jasho.

Baada ya kipenga

Mkishinda, hatari yote iko kwenye saa moja inayofuata. Kaeni pale pale mlipo mpaka uwanja uwe nusu tupu, kama dakika arobaini. Walinzi watawaambia mtoke, waombeni kwa heshima mbaki, mara nyingi wanakubali kwa sababu kazi yao inapungua. Sweta juu ya jezi, bendera ikunjwe begini. Tokeni kwa pamoja, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma anayehesabu vichwa. Mahali pa kukutania mkubaliane asubuhi, pasiwe getini, pawe kituo cha mafuta au duka linaloonekana kwa mbali, kwa sababu mtandao wa simu utakuwa umelemewa.

Bodaboda usiku huo ziacheni. Bei zinapanda, na madereva wanakimbia kuwahi abiria wa pili. Kodini gari lenu la kuwarudisha tangu jana yake, au mtembee mpaka chumbani, ndiyo faida ya kulala karibu. Baa zipiteni. Bia ya ushindi itanyweka Bukoba.

Mkifungwa, mambo ni mepesi zaidi, mtapewa pole nyingi na mtu atataka kuwanunulia chakula. Kubalini.

Asubuhi basi la Masaka huwa linasimama Lukaya. Wauzaji watainua mishikaki na ndizi gonja za kuchoma mpaka dirishani. Weka shilingi zao elfu chache kwa ajili ya hapo, gonja ya moto ikiwa kwenye karatasi, na zinazobaki zibadilishe Mutukula upande wao kabla hujagonga muhuri, maana Bukoba ukiniletea dukani nitakupa bei ya chini.