Hilux ya zamani inatetemeka sailensi na inamisi: pa kuanzia kabla hujaenda duka la spea

Gari ya zamani ikianza kutetemeka sailensi (injini inawaka bila kukanyagwa) umesimama kwenye foleni, usukani unacheza, kioo cha pembeni kinacheza, ukiikanyaga inatulia kidogo halafu inakata, wengi wetu tunakimbilia duka la spea. Plagi nne, waya, koili, mara kabureta (inayochanganya hewa na petroli) ya mtumba, na gari bado inamisi (inakosa kuwaka sawasawa) vilevile ila sasa hela imeisha. Mi nasema usinunue chochote mpaka ujue inayolala, yaani isiyochoma, ni silinda gani, au kama zote zinasumbua. Ukishajibu hilo tu umekata nusu ya kazi.

Hapa naongelea Hilux ya petroli yenye injini ya 22R ya kabureta, ile cc 2366 iliyoanza kutoka 1981, ila gari yoyote ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) na kabureta unaitafuta kwa njia hii hii. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 na silinda namba moja ni ile ya mbele kabisa upande wa feni. Iandike mahali hiyo, maana kuna gari zinamisi kwa sababu tu kuna mtu alichomoa waya akazirudisha anavyojua yeye.

Anza nyuma, kwenye ekzosi. Gari iwake sailensi, weka kiganja karibu na bomba (sio kugusa, utaungua) usikilize mapigo. Kama pigo linaruka kwa mpangilio, pu pu pu kimya, pu pu pu kimya, hiyo ni silinda moja haichomi. Kama yanaruka ovyo bila mpangilio basi tatizo liko kwenye kitu kinachohudumia silinda zote, yaani hewa inaingia pembeni, mafuta hayatoshi au yamezidi, au koili na rota (inayozunguka ndani ya distribyuta). Halafu shika kipande cha karatasi mdomoni mwa bomba, kikiwa kinasukumwa nje kisha mara mojamoja kinavutwa kurudi ndani, kuna uwezekano mkubwa vali ya ekzosi imeungua, na hapo ruka moja kwa moja kwenye kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) nitakayoeleza chini, usipoteze muda na plagi. Na kama mapigo yako safi kabisa ila kebini inatikisika, angalia maunti za injini, mpira ukishapasuka hata injini isiyo na tatizo itakutikisa.

Kuijua silinda inayolala, njia rahisi kuliko zote ni maji. Asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa iwashe, iache dakika moja hivi, halafu nyunyiza maji kidogo kwenye kila mguu wa manifoldi ya ekzosi pale inapotoka kwenye silinda hedi. Mitatu itakauka haraka, mmoja maji yatakaa tu yanang'aa. Huo ndio mguu wa mgonjwa wako. Usifanye hivi injini ikishachemka, chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi kinaweza kupasuka. Njia ya pili ni kuua silinda moja moja: zima gari, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya zamani uliyoifunga vizuri kwenye chuma cha injini, washa, sikiliza, zima, hamia nyingine. Ukiua silinda isiyo na tatizo mlio unabadilika na rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka, ukiua iliyokwisha kulala hakuna kinachobadilika. Mafundi wengi wanachomoa waya gari ikiwa inaunguruma, mkono mtupu, na wanarushwa wanacheka, lakini ule umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua igniza (kifaa cha elektroniki kinachokata umeme wa koili), na igniza ya distribyuta za elektroniki sio bei ya nyanya.

Sasa umeipata, tuseme ni namba tatu. Hamisha plagi yake uipeleke namba mbili, ya mbili ilete tatu. Ugonjwa ukihamia mbili, plagi. Haukuhama? Hamisha waya hivyo hivyo, ncha zote mbili ili mpangilio usibadilike, kama urefu unaruhusu. Waya unaupima na multimita, ukivuka kilo-omu 25 utupe. Na usiku gizani fungua boneti gari ikiwa inawaka, puliza ukungu wa maji kwenye waya na kifuniko cha distribyuta, ukiona vicheche vya bluu vinatambaa nje ya waya huhitaji kipimo kingine.

Kifuniko cha distribyuta nacho kiangalie kwa makini, hapa ndipo watu wanapita haraka haraka. Kitoe, kifute kikauke, kipeleke kwenye jua ukigeuzegeuze. Unatafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli ukitoka nguzo moja ya shaba kwenda nyingine au kwenda chini pembeni. Huo ni njia umeme umejichomea wenyewe, na kuukwangua na msasa ni kujidanganya kwa siku mbili, badilisha. Nguzo zenyewe zikiwa na unga mweupe au wa kijani, hasa gari zilizokaa pwani, Dar, Tanga, Mtwara huko kwenye hewa ya chumvi, ndio maana inamisi asubuhi au mvua ikinyesha halafu mchana inapona yenyewe. Kaa ile ndogo ya katikati ibonyeze na kidole, inatakiwa irudi kwa springi. Rota nayo iangalie ncha yake.

Plagi zinaongea ukizijua. Kahawia au kijivu nyepesi ni nzima. Masizi meusi makavu, mafuta yamezidi au choki (kilango kinachobana hewa wakati wa kuwasha) imegoma kufunguka. Imelowa oili, ringi au sili za vali. Imelowa petroli, haipati moto. Nyeupe yenye vipele, inachoma moto sana, hewa imezidi. Uwazi ni milimita 0.8, pima na fila geji hata kama ni mpya toka boksi, na mpya zenyewe nunua mahali unapopaamini maana feki zimejaa.

Tuje kwenye ile ya silinda zote kulegea sailensi lakini ukikanyaga inakaa sawa. Hapo akili yangu inaenda kwenye hewa inayoingia pembeni, karibu kila mara. Kwenye 22R mshukiwa wa kwanza ni ile insuleta nene chini ya kabureta, inapinda au inapata nyufa kwa joto, halafu mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini) ambayo imekuwa migumu kama makaroni makavu, na ule mpira mkubwa wa busta ya breki. Nyunyiza maji tu kwenye kila kiungo na chupa ya spreyi, sauti ikibadilika umefika. Dawa ya kabureta inaonyesha vizuri zaidi ila inashika moto, kama waya zako zinarusha cheche basi umejiwashia gari. Busta ni rahisi, bana mpira wake na plaizi, injini ikitulia umeshajua.

Ukiwa na vakyumu geji ndio raha. Injini isiyo na tatizo ikiwa sailensi inasoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki na sindano imetulia. Hiyo ni usawa wa bahari, kila ukipanda kama mita 300 unapoteza inchi moja hivi, kwa hiyo Mbeya huko mita 1,700 ukiona 13 usishtuke. Sindano ikidondoka kwa mpigo ule ule kila mara, ni vali. Ikikaa chini imetulia, hewa inaingia au taimingi (wakati wa kurusha cheche) imechelewa. Namba ya taimingi soma stika iliyo chini ya boneti, zinatofautiana kulingana na soko gari ilikouzwa, usichukue ya gari ya jirani.

Kuna kidude kingine kinachosumbua watu, ile solenoidi yenye waya kwenye kabureta inayofungua njia ya mafuta ya sailensi. Weka swichi on bila kuwasha, chomoa waya wake uuchomeke tena, lazima usikie "tik". Kimya maana yake gari itawaka ukikanyaga na kuzima ukiachia, na fundi atakwambia kabureta imekufa.

Mafuta sasa. Kabureta hii ina kidirisha cha kioo, usawa wa petroli uwe kwenye alama, ukiwa chini angalia filta na pampu, ukiwa juu sindano ya floti haifungi. Petroli ya madumu inaweza kuwa na maji, chota kidogo kwenye chupa ya plastiki nyeupe iache itulie, maji yatakaa chini. Ya kuchanganywa na mafuta ya taa huwezi kuiona hivyo, ndio maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta) mwaka 2010, ila kama ugonjwa ulianza siku uliyojaza kituo fulani, jaribu kumaliza hayo mafuta kwanza kabla hujafungua kitu.

Moto upo, mafuta yapo, silinda bado imelala? Seti tapeti (uwazi wa vali) kwanza, injini ikiwa ya moto: za kuingiza milimita 0.20, za ekzosi 0.30. Tapeti iliyobana haina kelele kabisa, na vali haifungi vizuri inaungua taratibu, kwa hiyo usifurahie sana injini kuwa kimya. Baada ya hapo kompresheni, toa plagi zote nne, zima umeme wa koili, kanyaga akseleta hadi mwisho, piga stata mpaka geji iache kupanda. Kitabu kinasema psi 171, mwisho wa kuvumilia 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Iliyo chini mwagia kijiko kidogo cha oili upime tena. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni vali au gasketi, na zikiwa mbili zinazopakana zote chini, gasketi imekatika katikati yao. Hapo sasa ni kazi ya kufungua hedi, na ukienda kwa fundi nenda na hizo namba nne umeandika, maongezi yatakuwa tofauti.

Wenye 22R-E, isiyo na kabureta bali inayopuliza petroli kwa sindano, unganisha kwa waya matundu ya T na E1 kwenye kile kiboksi cha chini ya boneti uhesabu taa ya injini inavyokonyeza, na chunguza mpira mkubwa wa hewa kati ya mita ya hewa na throto, unapasuka kwenye mikunjo pasipoonekana.

Kuseti sailensi ni kazi ya mwisho, sio ya kwanza. Ukizungusha skrubu wakati hewa inavuja unaficha ugonjwa tu. Injini ya moto, choki wazi, shusha mpaka rpm 700 hadi 750, zungusha skrubu ya mchanganyiko mpaka sindano ya vakyumu ifike juu kabisa, rudisha rpm. Halafu pakia mzigo upande nayo mlima gia ya tatu, maana kuna cheche zinazoweza sailensi lakini zinakata injini ikibebeshwa, na ikimisi pale tu ni koili, waya, au filta ya mafuta iliyoziba nusu.