Somo: Injini ya boti, kuiwasha na kuishika resi yake

Wiki hii ni ya mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa, na boti nyingi za hapa Kibirizi, Kigoma, zimepandishwa mchangani. Basi nitoe somo nililowaahidi vijana waliojiunga na kikundi mwaka huu. Wengi mmetoka kwenye bodaboda na mnadhani resi ni resi tu. Pikipiki ukiiachia inalala pembeni. Boti ukiiachia inaendelea na safari, na inaweza kukurudia.

Nazungumzia injini ya kufungwa nyuma, HP 15 hadi 40, yenye mkono wa kushika na ya kuchanganya oili na petroli. Ndizo tulizonazo.

Kabla ya kugusa kamba ya kuwashia

Kaza zile skrubu mbili zinazoishika injini kwenye ubao wa nyuma, kwa mkono wako mwenyewe, hata kama jana ulizikaza. Mtikisiko huzilegeza. Funga na mnyororo au kamba ya akiba kwenye boti. Ziwa letu la Tanganyika linapita mita 1,400 kwenda chini, na injini iliyozama katikati hakuna wa kuizamia.

Mafuta: injini iliyokwishazoea kazi, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani dumu la lita 20 linakula mililita 400. Mpya, kwa saa 10 za mwanzo, nyingi hutaka oili mara mbili ya hiyo. Soma kitabu chake. Pima kwa chupa yenye alama. Habari ya kupima oili kwa "vifuniko viwili vya chai" niliisikia Ujiji na pistoni yake nikaiona, imekwaruzika kama sufuria ya ugali.

Legeza kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko cha tenki. Kisha minya ule mpira wa kuminya, uliovimba katikati ya mpira wa mafuta unaotoka kwenye tenki, mpaka uwe mgumu.

Kuwasha

1. Gia iwe fri, yaani isishike mbele wala nyuma. Usiangalie kwa macho tu, itikise.
2. Vaa kamba nyekundu mkononi au pajani, kibanio chake kikae kwenye swichi ya kuzima. Nitairudia hii.
3. Zungusha resi mpaka kwenye alama ya kuwashia, usipite hapo.
4. Injini ikiwa baridi, vuta choki.
5. Tazama nyuma yako, kiwiko chako kisimpasue mtu mdomo. Tazama na majini kwenye feni inayoisukuma boti, watoto wa Kibirizi wanaogelea kila mahali.
6. Vuta kamba ya kuwashia polepole mpaka uhisi imeshika, ndipo uivute kwa nguvu, moja kwa moja. Usiiachie ijirudie yenyewe, isindikize.
7. Ikiwaka, rudisha choki, shusha resi, tazama kitundu cha maji. Maji yasipotoka, zima.

Hiyo namba moja nimeilipia. Nikiwa kijana, pale Mtanga, tulikuwa kwenye maji ya kiunoni, abiria wawili wameshapanda. Nilivuta kamba gia ikiwa mbele na resi imefunguka nusu. Boti iliruka, mimi nikabaki hewani, nikadondoka ubavuni. Nilipoibuka sikuwa naona boti, nilikuwa naisikia: feni chini ya maji ina mlio kama sufuria inayochemka karibu na sikio. Mkono wa injini ulikuwa umejikunja wenyewe, boti inazunguka duara na mimi niko ndani ya duara hilo. Mwenzangu alitambaa nyuma akabonyeza kitufe chekundu. Kamba nyekundu ilikuwa inaning'inia kwenye injini, safi kabisa.

Boti hufanya hivyo karibu kila mara dereva akidondoka. Feni ikizunguka huisukuma injini upande, na pakikosekana mkono wa kuizuia, inakata kona mpaka mafuta yaishe. Kamba ukiivaa, unadondoka nayo, kibanio kinachomoka, injini inazima hapohapo. Jaketi okozi linakuweka juu, lakini mwenye kuizuia feni ni kamba.

Gia na resi

Gia huingizwa resi ikiwa imefungwa kabisa. Iingize kwa mara moja, kwa mkato, usiilegezelegeze, maana meno yanasagana. Ukitoka mbele kwenda rivasi, pumzika kwenye fri mpaka boti ipoteze mwendo.

Kisha fungua resi kidogokidogo huku umekaa. Pua itanyanyuka, hutaona mbele. Vumilia, boti ikilala sawa, punguza. Kumbuka na kona: mkono ukiupeleka kushoto, pua inakwenda kulia. Kona kali shusha resi kwanza.

Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 8 upepo wa kusini ukichachamaa, resi ndiyo breki yako. Wimbi linakuja mbele: ongeza kidogo ukipanda, punguza kabla ya kufika kilele, vinginevyo boti itapiga tumbo na mbao zitaachia. Ukifika ufukweni punguza mapema. Ukifunga resi ghafla na mzigo umejaa, wimbi lako mwenyewe litakufuata na kuingia kwa nyuma. Nimeona magunia ya dagaa wakavu yakigeuka dagaa wabichi kwa njia hiyo.

Abiria wakishuka majini, usiweke fri tu, zima.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Kamba yetu nyekundu ilikatika, tukaweka kibanio kwa waya ili injini iwake. Kuna ubaya?*

Marahaba. Upo. Hapo mmeiondoa swichi kabisa. Kibanio hicho kifungieni kamba yoyote imara isiyonyumbuka sana, ije mpaka kwenye mkono wa dereva, mpaka mpate ya dukani.

*Ile skrubu ya kubana resi ibaki palepale, naweza kuikaza nikielekea Mwamgongo? Mkono unakufa ganzi.*

Kijana wangu, ikaze kidogo tu, kiasi cha kupumzisha vidole. Ukiikaza mpaka resi haigeuki, siku ukitaka kupunguza kwa haraka utapambana nayo. Na bila kamba nyekundu usiiguse kabisa.

*Injini inawaka vizuri, nikifungua resi inakoroma na kuzima.*

Anza na vitu vya bure: hewa ya tenki imefunguliwa? Choki imerudi? Mpira wa mafuta haujakanyagwa na ndoo? Ukiukuta ule mpira wa kuminya umenywea, ni hewa ya tenki. Yote yakiwa sawa, kuna maji au uchafu kwenye mafuta, au plagi imelowa oili.

*Mimi ni abiria tu, nakwenda Kalalangabo kila Jumatatu. Nitajuaje dereva yuko makini?*

Dada, tazama mkono wake kabla ya kuwasha. Ukiona kamba nyekundu inaning'inia kwenye injini, mwambie aivae. Akicheka, ngoja boti nyingine.

*Kitundu cha maji kinatoa matone tu.*

Zima, inua injini, tazama pale inapovutia maji, mara nyingi ni mfuko wa nailoni. Pakiwa safi, pitisha waya mwembamba kwenye kitundu. Bado? Basi ni mpira wa pampu ya maji. Mchanga wa kuwashia injini maji ya magotini unaula haraka. Njoo kesho asubuhi na spana zako. Nina mmoja wa akiba, wa HP 40, kama yako ni 15 hautaingia.