Kulinda viazi vya vinyungu (bustani za bondeni zenye unyevu) dhidi ya sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu, Juni hadi Agosti

Makete, Njombe na uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, sakitu huanguka usiku mkavu. Jioni tazama juu: anga ikiwa nyeupe, bila wingu, na upepo umetulia kabisa, jiandae. Mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Upepo huchanganya hewa.

Hewa baridi ni nzito, hutelemka bondeni. Ndiyo maana kinyungu huungua kwa baridi na shamba la mteremkoni likabaki kijani. Kipimajoto kiweke kwenye kimo cha majani. Kikiwa juu ya kichwa kinaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 huku chini kumeganda.

Mchana mwagilia udongo, kwani udongo wenye maji hutunza joto zaidi ya mkavu. Kabla jua halijazama, funika kwa nyasi kavu, au turubai juu ya vijiti. Turubai likigusa majani, yale yaliyoguswa huganda. Asubuhi, barafu ikishayeyuka, funua.

Mimea ikiungua usiing'oe haraka! Subiri siku chache. Mara nyingi machipukizi hutoka chini, hasa kama ulipandishia udongo vizuri kwenye mashina.