Namna ya Kushona Bendera ya Uganda kwa Vipimo na kwa Maana Yake

Shule inayotaka bendera yake mpya iwe tayari kabla ya tarehe 9 Oktoba, siku Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, inaweza kumkabidhi kazi hiyo fundi cherehani yeyote makini, mradi aelezwe maana ya kila kipande kabla hajashika mkasi. Atakayeshona za kuuza aulize kwanza sheria inasemaje, kwa kuwa bendera inalindwa kisheria.

Bendera ina milia sita ya mlalo yenye upana sawa. Kuanzia juu ni nyeusi, manjano na nyekundu, kisha mpangilio huohuo unarudiwa. Nyeusi ni watu wa Afrika, manjano ni jua linaloiangaza nchi hii inayopitiwa na ikweta, na nyekundu ni undugu wa Waafrika. Rangi hizo zilikuwa za chama cha UPC (Uganda People's Congress), kilichoshinda uchaguzi wa Aprili 1962, na aliyebuni bendera yenyewe ni Grace Ibingira, aliyekuwa waziri wa sheria. Serikali ya chama cha DP (Democratic Party) iliyotangulia ilikuwa na bendera ya kijani na buluu yenye umbo la korongo wa manjano. Rangi zile ziliachwa, korongo akabaki.

Uwiano wa kimo na urefu ni 2 kwa 3. Kwa bendera ya sentimita 60 kwa 90, kila mlia uwe na sentimita 10 ukishashonwa, hivyo ukatwe wa sentimita 12 ili kila upande ubaki na sentimita moja ya mshono. Urefu nao uongezewe upindo. Ncha iliyo mbali na mlingoti ndiyo inayopigwa na upepo mchana kutwa, kwa hiyo ipigwe mishono miwili au mitatu. Upande wa mlingoti utiwe mkanda wa turubai wa kupitishia kamba.

Kazi inayodai subira ni korongo. Tafuta kitovu cha bendera, yaani sentimita 45 kutoka mlingotini na 30 kutoka juu, mahali ambapo mlia mwekundu wa tatu unakutana na mweusi wa nne, hapo ndipo patakaposhonwa, kila upande wa kitambaa, duara jeupe litakalomtosha ndege mzima. Mwili wake ni wa kijivu, shavu ni jeupe, chini ya koo pana wekundu, na ushungi wa kichwani ni wa dhahabu. Mguu mmoja umeinuliwa, ishara ya nchi inayosonga mbele, kwa hiyo korongo aliyesimama kwa miguu yote miwili si wa bendera hii hata akichorwa vizuri namna gani. Ndege huyu alikuwa nembo ya askari wa Uganda tangu enzi za ukoloni, na anasifiwa kwa upole wake.

Korongo hutazama mlingoti, pande zote mbili za kitambaa. Mchore kwenye karatasi, ukate kielelezo, ukitumie upande wa kwanza, halafu ukigeuze kifudifudi kwa upande wa pili. Naona hili ndilo jambo la kusimamiwa kwa jicho kali, maana fundi akinakili picha ileile mara mbili bila kugeuza kielelezo, upande mmoja ndege ataupa mlingoti mgongo, na kumfumua bila kutoboa kitambaa cheupe ni kazi ngumu. Bana maduara yote mawili kwa pini kwanza, uinue bendera kwenye mwanga, na ushone pale tu midomo ya ndege wote wawili inapoelekea kwenye mkanda wa turubai.