Picha Moja, Andiko Moja: Jinsi ya Kuongoza Kikundi Kuitafakari Injili kwa Mchoro

Picha ya Injili ikishawekwa mbele ya watu, kiongozi hutamani kuieleza papo hapo. Hapo ndipo kipindi kinapoharibika. Wakishaambiwa picha inasema nini, watu huacha kutazama na kuanza kumsikiliza mwalimu, naye wangeweza kumsikiliza hata bila picha. Kazi yako ni kuyalinda macho yao: watazame, wasome Andiko, kisha warudi kutazama tena.

Kipindi kimoja, picha moja. Chagua mchoro wa tukio lenye Andiko lake mahususi, ambamo nyuso na mikono ya watu inaonekana vizuri. Picha ya Yesu peke yake akitazama mbele inafaa sana kwa sala ya faragha, lakini kikundi kigeni hukosa pa kuanzia. Kwa mara ya kwanza, ni vigumu kupata iliyo bora kuliko "Kurudi kwa Mwana Mpotevu", ambayo Rembrandt, mchoraji Mholanzi, aliichora mwishoni mwa maisha yake, yapata 1668. Andiko lake ni Luka 15:11–32. Kisa kinajulikana, kwa hiyo hata mnyonge wa kusema atapata neno.

Kwa watu 6 hadi 12, chapisha nakala za A3, moja kwa kila watu wawili. Faili iwe na pikseli zisizopungua 1,750 kwa 2,480. Chini ya hapo mikono ya baba hugeuka madoa, na mikono hiyo ndiyo moyo wa mchoro. Tumia karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa huakisi taa. Projekta inataka chumba chenye giza: mwanga ukiingia dirishani, weusi hugeuka kijivu na wale watu waliochorwa nyuma, kizani, hupotea kabisa. Simu ziwekwe kando. Kwenye kioo kidogo kila mtu huvuta kipande chake, na hakuna anayeona picha nzima.

Kuhusu hakimiliki: katika nchi nyingi kazi ya mchoraji huwa huru miaka 70 baada ya kifo chake. Mchoraji aliye hai aombwe ruhusa, hata kama picha ni ya kutumika kanisani. Makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, na Metropolitan Museum of Art, New York, hutoa bure mtandaoni picha kubwa za kazi nyingi ambazo muda wake wa hakimiliki umekwisha.

Tenga dakika 50. Anza na dakika 3 za kimya, ukizipima kwa saa, kwa sababu bila saa utaona kimya kimekuwa kirefu na kukikatiza baada ya dakika moja. Kisha, kwa dakika 10, uliza swali moja tu: "Mnaona nini?" Usiulize picha ina maana gani. Mtu akijibu "Naona msamaha", mwulize kwa upole, "Unauona wapi?" Itambidi arudi kwenye mchoro, na huko atakuta kichwa kilichonyolewa, nguo zilizochakaa, unyayo mmoja ulio wazi, mikono miwili ya baba isiyofanana. Usisahihishe wala usisifu jibu moja kuliko mengine. Ukimwambia mmoja "Vizuri sana!", wengine wataanza kutafuta jibu unalolitaka wewe.

Sasa Andiko lisomwe kwa sauti, polepole, mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Halafu uliza: picha na Andiko vinapishana wapi? Lipe swali hili dakika 20, kwa kuwa ndilo lenye utajiri kuliko yote. Luka anasema baba alikwenda mbio. Baba wa Rembrandt ametulia, ameinama juu ya mwanawe. Luka anasema kaka mkubwa alikuwa shambani, na alipofika karibu na nyumba alikasirika akakataa kuingia. Katika mchoro, yule aliyesimama kulia kwa joho jekundu, ambaye wengi humchukulia kuwa ndiye kaka, yupo papo hapo, mikono ameikusanya mbele yake. Usiseme upesi kwamba mchoraji amekosea. Waulize kwa nini alimleta kaka karibu hivyo na kumwacha asimguse mtu. Mara nyingi ni hapa mtu anaponyamaza, kwa sababu amejiona amesimama upande ule. Kiongozi naye anyamaze. Jambo moja tu liwe wazi kwa wote: Andiko ndilo linaloipima picha, na picha ni usomaji wa mtu mmoja aliyeamini kwa brashi.

Malizia kwa kuandika. Kila mtu aandike sentensi tatu akijibu, "Ningesimama wapi katika picha hii, na ningemwambia nini baba?" Asilazimishwe yeyote kusoma alichoandika. Sala ifuate.

Yapo yanayokwama mara kwa mara. La kwanza ni kuuchukua mchoro kama picha iliyopigwa siku ya tukio. Caravaggio, katika "Kuitwa kwa Mathayo" (1599–1600), aliwavika watoza ushuru mavazi ya zama zake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo alimleta Kristo katika mtaa wake. Yesu mwenye sura ya Kizungu naye alichorwa na Wazungu waliokuwa wakifanya vivyo hivyo. Liseme hili waziwazi, na kipindi kijacho leta mchoraji wa mahali pengine.

La pili ni Kutoka 20:4, amri inayokataza kujifanyia sanamu ya kuchonga. Wapo Wakristo ambao dhamiri yao haikubali picha katika ibada, na wanastahili heshima. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayopewa picha humwendea yule aliyechorwa, na kwamba ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake. Tangu mwanzo sema kwamba picha hii imeletwa ili itazamwe na kujadiliwa. Usiiweke juu ya meza yenye mishumaa kisha ukashangaa watu wakikosa raha.

Kwa wagonjwa na waliofiwa, chagua kwa uangalifu zaidi. Mchoro wa altare ya Isenheim, kazi ya Grünewald (1512–1516), ulichorwa kwa ajili ya monasteri iliyohudumia wagonjwa, na Kristo msalabani ana ngozi iliyojaa vidonda. Mchoro huo unaweza kumfariji mtu kwa namna ambayo maneno hayawezi, lakini mwambie kwanza atakachokiona, na usiwaonyeshe watoto wadogo.

Ukitaka kumpa rafiki asiyeamini picha ya namna hii, mpe kadi yenye picha hiyo. Usiandike maneno ya Andiko kwenye picha yenyewe. Herufi kubwa hulifanya jicho lisome badala ya kutazama. Weka nyuma sura na aya tu, acha nusu ya nafasi wazi, na hapo andika kwa mkono wako swali moja ambalo kweli ungependa akujibu.