Kupima ukali wa siki kwa bureti

Muhula wa pili wa kemia, asidi na besi huwatoa wanafunzi wangu jasho kuliko joto la Machi hapa Mombasa. Mimi huwaanzisha na siki. Nunua nyeupe pale Marikiti, si ya kahawia, rangi itakuvuruga.

Chukua mililita 10 kwa pipeti (mrija wa kufyonzea kipimo kamili), zimua mpaka 100 kwa maji yaliyokenekwa. Ya kisima usithubutu, yetu yana chumvi.

Bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki chini, isuuze kwa sodiamu haidroksaidi yenyewe, besi yetu, ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), ukiishia kwa maji utaizimua. Kisha ijaze. Na hiyo faneli ya kujazia, mwanangu, itoe juu! Mimi niliisahau mwaka wa kwanza, ikadondosha matone katikati ya kazi, hesabu ikagoma asubuhi nzima.

Mililita 25 za siki iliyozimuliwa, matone mawili ya fenolfthaleini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi inapoisha. Kiashiria cha methili oranji hakifai: hubadilika pH (kipimo cha uasidi) 3.1 hadi 4.4, na hapa kikomo, pale asidi inapoisha, kiko karibu 8.7. Tikisa huku ukifungulia koki ya bureti. Rangi ya waridi itazuka na kutoweka. Ikianza kusitasita, nenda tone kwa tone, hata nusu tone. Unataka waridi hafifu inayodumu nusu dakika. Ikikolea kama mabuyu, umepita, anza upya.

Tuseme umetumia mililita 20.8. Zidisha kwa 0.1, gawa kwa 25, zidisha kwa 10 kwa kuwa siki uliizimua mara kumi: 0.832 M. Mara 60, gramu za moli moja ya asidi ya siki, kama gramu 50 kwa lita, yaani asilimia 5. Sasa soma kibandiko cha chupa.