Namna ninavyochora katuni ya mwanaakiolojia anayesaka siwa iliyopotea

Mfululizo wangu unamhusu Zuhura, mwanaakiolojia anayetafuta siwa (baragumu kubwa la sherehe) iliyopotea kisiwani Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Zuhura nimembuni, na siwa yake pia nimeibuni. Kisiwa, magofu na maji ya bahari ni vya kweli, na huko ndiko hadithi inakopata nguvu. Andaa penseli, wino mweusi, rula na karatasi za A4, tuanze.

Hatua ya 1: Chagua kitu kilichokuwa na kazi

Dhahabu haina hadithi mpaka uibuni yote mwenyewe. Siwa inakuja na hadithi yake. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ina urefu wa zaidi ya mita 2, na hupulizwa ubavuni. Ya Lamu ni ya shaba. Zilipulizwa kwenye sherehe kubwa, na aliyekuwa nayo mkononi alikuwa na heshima ya mji mzima. Kabla ya kuchora chochote, andika sentensi moja: kitu hiki kikipotea, nani anapungukiwa? Sentensi hiyo ikikushinda, tafuta kitu kingine.

Hatua ya 2: Chora mahali kwa vipimo vyake

Zuhura anachimba karibu na Shanga, mji wa kale ulioko Pate uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ni fupi, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2 na nusu au 3. Ukichora ukumbi mpana kama wa jumba la mfalme wa Ulaya, msomaji wa Lamu atafunga kitabu. Wembamba huo unakufaa pia: watu wawili wanaogombana ndani ya chumba kama hicho hawana pa kukwepana.

Hatua ya 3: Mfundishe mhusika kuchimba

Hapa usiwe na haraka, maana wengi huchora jembe na shimo, basi. Mchimbaji wa kweli hupima eneo kwa kamba, akaligawa miraba, akakwangua udongo kwa mwiko mdogo, kisha akauchekecha. Kila tabaka hupewa namba na kuchorwa daftarini kabla ya kuondolewa.

Shanga inatufundisha kwa nini. Katika uchimbaji wa miaka ya 1980, chini ya msikiti wa mawe yalikutwa mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Nguzo ikiozea ardhini huacha doa la duara lenye rangi tofauti na udongo unaolizunguka. Mwizi wa usiku akipiga jembe mara mbili tu, doa limekwisha, na hakuna atakayejua kwamba hapo palisimama nguzo.

Ndiyo maana adui wa Zuhura hana bastola. Ana koleo, tochi na mnunuzi anayemsubiri. Mimi humchora doa hilo likiwa karibu na mguu wake, msomaji analiona, yeye halioni. Katika fremu moja kama hiyo kuna hofu zaidi kuliko kurasa tatu za kukimbizana.

Hatua ya 4: Tumia maji kama saa

Kwa miaka mingi boti za kutoka Lamu kwenda Pate zilipita mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa sana hazikuweza kupita. Sasa una muda unaohesabika bila kuchora saa ya mkononi: mikoko yenye mizizi wazi, boti iliyolala ubavu kwenye tope, nahodha akitazama mwezi. Kumbuka kuwa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Usichore mwezi nusu kisha ukaandika bamvua.

Hatua ya 5: Gawa kurasa

Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kitabu cha kurasa 16. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Jambo la kushtua liweke kwenye ukurasa wa namba shufwa, wa kushoto, kwa sababu msomaji hulikuta baada ya kugeuza karatasi. Swali linalolitangulia liwe chini kulia.

Hatua ya 6: Maneno kwanza, puto baadaye

Maneno yetu ni marefu. “Hawatakirudisha” ni neno moja, na halikatwi katikati bila kuumiza jicho. Andika usemi kwa penseli, uzungushie puto, ndipo uchore kichwa cha msemaji katika nafasi iliyobaki. Usemi usomwe kwa sauti: mzee wa Pate hasemi kama kijana wa Nairobi, na Zuhura akimfikia mzee huyo huanza na “Shikamoo”, hata kama maji yanapwa.

Pitisha wino, acha ukauke kabisa, ndipo ufute penseli.